Tuige Uchina, Lakini Uchina Ipi?

Kila mheshimiwa anayerudi kutoka Beijing anakuja na wimbo uleule: tuige Uchina. Mimi huwa najiuliza, Uchina ipi?

Maana wengi wetu tunaijua kwa simu, pikipiki na reli ya TAZARA waliyotusaidia kuijenga kati ya 1970 na 1975. Historia yake hatuijui. Kwa kifupi, ni nchi yenye kilometa za mraba kama milioni 9.6, watu wapatao bilioni 1.4 na makabila 56 yanayotambuliwa rasmi, ingawa Wahan ni zaidi ya asilimia 90. Qin Shi Huang aliiunganisha mwaka 221 kabla ya Kristo, na wafalme wakatawala hadi 1912. Baada ya uvamizi wa Wajapani na vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu tarehe 1 Oktoba 1949.

Sasa sikiliza. Mwaka 1958 Mao alianzisha kampeni ya Hatua Kubwa ya Kwenda Mbele. Wakulima wakaingizwa kwenye mashamba makubwa ya pamoja. Viongozi wa chini, kwa kuogopa kuonekana wazembe, wakapeleka juu takwimu za mavuno ya uongo, na magazeti yakazichapa. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, mkulima akabaki na ghala tupu. Waziri wa Ulinzi, Peng Dehuai, alipomwandikia Mao barua mwaka 1959 kueleza kasoro hizo, alipoteza uwaziri. Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa kwa njaa ile. Makadirio mengi ni kati ya milioni 15 na 45.

Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, waligawana mashamba kwa siri. Mavuno yakapanda. Safari hii wakubwa hawakuwaadhibu. Chini ya Deng Xiaoping mtindo huo ukaenea nchi nzima. Uchina tunayoisifia leo ilianzia hapo, ukweli wa shambani ulipoachwa usemwe.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kila wiki naletewa taarifa zenye asilimia za kupendeza. Nikizichapa bila kwenda kuchungulia ghalani, nitakuwa nimeiga Uchina kweli, ila ile ya 1958.