Utenzi kwa Kijana Mwenye Msiba

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara nchini Uganda, yalianza katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Watutsi walipokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda. Historia yake imeandikwa zaidi kwa hesabu za watu na mgawo wa chakula. Lakini waliofika walitoka katika jamii iliyomfunza mvulana kujisimulia kwa ushairi, wakawakuta Bahima wa Ankole na ebyevugo vyao, yaani tungo za kujisifu, ambavyo H. F. Morris alivikusanya katika kitabu cha 1964. Mghani alisimama na mkuki mkononi, akatiririsha mistari kwa kasi, akijipa jina jipya la sifa karibu kila mstari. Ni kweli kwamba huo ulikuwa ushairi wa wanaume wa kujigamba kwa vita na ng'ombe. Msichana aliyefiwa hakuwa na nafasi humo.

Nafasi hiyo msichana aliipata pwani, katika utenzi wa Kiswahili. Mwaka 1858 katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona, mjane aliyekuwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wosia wa beti mia moja na ushei. Binti alikuwa na umri wa kiasi cha miaka 17. Baba amekwisha kufa, na mama naye yu karibu kufa. Umbo lenyewe la utenzi linamfaa mwenye majonzi: vipande vinne vifupi vya mizani nane nane, vitatu vikipatana kwa kina, cha nne kikirudia kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Asiyeweza kusoma ukurasa mzima kwa wingi wa mawazo husoma ubeti mmoja, akapumzika, na akirudi hukuta uzi haujakatika. Wapo wanaoulaumu utenzi huu kwa kumfunga msichana katika utii kwa mume, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo, msomaji anaweza kuukataa wosia na bado akapokea kile kinachomgusa zaidi: mtu anayekufa amejitaabisha kusema naye.

Anayetaka sauti ya kubisha anayo. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alichapisha mwaka 1966 kisa kirefu cha kishairi ambamo Lawino anamshitaki mumewe hadharani. Paul Sozigwa alikitoa kwa Kiswahili, *Wimbo wa Lawino*, mwaka 1975. Kwa hiyo riwaya za mashairi zinazosifiwa leo Marekani, kama ile ya Thanhhà Lại ya 2011 kuhusu msichana mkimbizi wa Vietnam, si dawa ngeni ya majonzi kwetu. Kijana mwenye njaa ahitaji chakula kwanza, na aliyeumizwa vibaya ahitaji mshauri nasaha. Hayo hayana ubishi. Ila mgawo ukishapokelewa, usiku bado ni mrefu, na Wakongo, ambao nao wamekimbilia Nakivale, wengi wao wanazungumza Kiswahili kila siku. Tenzi ziwekwe mikononi mwa watoto wao sasa, pamoja na daftari tupu za kutungia zao.