Athari ya Doppler

Athari ya Doppler ni badiliko la masafa ya sauti inayomfikia msikilizaji pale chanzo cha sauti, msikilizaji mwenyewe, au wote wawili wanapokaribiana au kuachana. Ilielezwa mwaka 1842 na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli.

Urambo, kwenye reli ya Tabora–Kigoma, athari hii husikika treni inapopita ikipiga honi. Tuseme honi ni ya hezi 400, treni inakwenda kilomita 60 kwa saa, na hewa ina nyuzijoto 25, ambapo sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Mawimbi ya mbele hubanana, kwani kila moja hutoka treni ikiwa imeshasogea. Ya nyuma hutanuka. Aliye mbele hupata hezi 420. Treni ikishampita, 382. Mwinuko wa Urambo, zaidi ya mita 1,000, hauna neno hapa, maana kasi ya sauti hewani hutegemea joto.

Wengi hudhani sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri treni inavyokaribia. Sivyo: kinachozidi ni ukubwa wake. Kwa mwendo usiobadilika, aliyesimama jirani na tuta husikia sauti ileile nyembamba, kisha ikaporomoka kuwa nzito mara honi inapompita. Aliye shambani, mbali na reli, huisikia ikishuka taratibu tangu mwanzo.

Mwendesha pikipiki anayeiendea treni iliyosimama kwa kasi hiyohiyo hupata 419, si 420. Hesabu haijakosewa. Mwendo wa chanzo hubadili urefu wa mawimbi yenyewe hewani. Mwendo wa msikilizaji hubadili tu wingi wa mawimbi anayokutana nayo kila sekunde.

Zama za Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, reli haikuwapo; watu walisafiri kwa misafara ya miguu. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Sauti ya baragumu la msafara unaokuja kwa kilomita 5 kwa saa hupanda kwa asilimia 0.4 tu, kiasi ambacho sikio halikishiki kirahisi. Warina asali wa Unyamwezi walikuwa na mfano ulio wazi zaidi: mvumo wa nyuki anayepita sikioni kwa mita 7 kwa sekunde hushuka kwa karibu asilimia 4.