Jua na Mvua Chini ya Kifuniko

Boksi ilikuwa tayari kwenye mizani nilipoiona. Ilikuwa Jumamosi, Bondeni, Nakuru, na mimi nilikuwa nimefuata vyuma vya kutengenezea rafu ya vitabu. Mwenye duka alikuwa ameshika nyundo. Ndani ya boksi kulikuwa na koili nene ya shaba, na shaba ndiyo pesa. Hayo mengine ni mzigo tu.

"Ngoja kwanza, boss. Hiyo unaweza kuniuzia ikiwa nzima?"

"Nzima ya nini?"

Nikamwambia ni ya redio. Akaangalia nyundo, akaniangalia mimi, akasema mia nane. Nikalipa kwa simu, nikapanda boda nikiwa nimeikumbatia kama mtoto.

Mbele imeandikwa KW E-Zee Match. Ni tyuna ya antena, kazi ya KW Electronics, kampuni ya Dartford, Uingereza, ya miaka ya 1960. Iliundwa kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa, wale wanaopewa leseni ya kuzungumza hewani bila malipo wala biashara, kwa kupenda tu. Mimi ni mmoja wao, mwaka wa pili sasa.

Kama hujawahi kusikia kitu kama hicho, usijali. Mtambo wa kurusha mawimbi unataka kukuta ukinzani fulani kwenye tundu la antena, na kwa mitambo mingi ya siku hizi ni ohm 50. Waya uliotundika juu ya paa una ukinzani wake, unaobadilika kulingana na masafa, urefu wa waya na kimo chake. Visipolingana, sehemu ya nguvu inarudi kwenye mtambo badala ya kwenda hewani. Tyuna inakaa katikati. Kwa koili na kapasita, inaufanya mtambo uone ohm 50 hata kama waya si wa ohm 50. Simu yako huenda ina tyuna pia, chipu ndogo inayorekebisha antena pale kiganja chako kinapoifunika. Tofauti ni kwamba hiyo inafanya kazi kimyakimya. Hii yangu inanitaka nizungushe kwa mkono.

Na mimi naihitaji kweli. Kwa bendi ya mita 40, karibu megahezi 7, antena ya kawaida ya nusu wimbi ina urefu wa mita 20 hivi. Paa la ploti ninayopanga halina mita 20. Lina mita 11, matangi mawili ya maji, na kamba za nguo za majirani.

Wazo la kulinganisha mtambo na antena ni la kitambo. Mwaka 1900 Marconi alipata hataza namba 7777 ya Uingereza kwa mambo hayohayo, mwaka uleule ambao reli ilifika Nakuru. Saketi iliyo ndani ya boksi yangu, Z-match, ilielezwa kwenye jarida la QST la Marekani mwaka 1955. Tyuna nyingi za awali zilikudai uchomoe koili na kuchomeka nyingine kila ukibadilisha bendi. Hii inatoka mita 80 hadi mita 10 kwa nobu mbili tu. Haina chipu wala betri. Kuna sahani za chuma zinazopishana hewani, waya mnene, na vigae vya kuzuia umeme. Ikiharibika, unaona kwa macho palipoharibika.

Jioni ile nilifungua kifuniko nitoe vumbi. Kwa ndani palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imekuwa rangi ya chai. Juu yake, kwa penseli, mtu alikuwa amechora jedwali: bendi za 80, 40 na 20, na kando yake namba za nobu mbili. Namba zenyewe zilikuwa safu mbili. Safu ya kwanza iliandikwa JUA. Ya pili, MVUA.

Hakuna jina. Hakuna tarehe. Hakuna alama ya kituo.

Niliketi chini kabisa. Aliyeandika hivyo alikaa na boksi hii mahali pamoja muda wa kutosha kuona misimu yote miwili. Aligundua kwamba udongo ukilowa na waya ukilowa, tyuna haikai tena palepale. Na alipoandika kumbukumbu yake ya kazi, aliandika kwa Kiswahili.

Hapo ndipo historia ilipoanza kunisumbua. Kabla ya Uhuru, vituo vya ridhaa vya Kenya vilianza na herufi VQ4. Baadaye vikawa 5Z4, na ndivyo vilivyo hadi leo. Kuna kadi za QSL, postikadi ambazo watu wa redio hutumiana kuthibitisha kwamba kweli walizungumza. Nimetazama picha nyingi za kadi za VQ4. Katika zile nilizoziona, majina ni ya walowezi, ya maofisa, na machache ya Wahindi. Jina la Mwafrika bado sijakutana nalo. Ukisoma kadi peke yake utadhani sisi hatukuwepo chumbani.

Lakini tulikuwepo. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana Burma, na jeshi haliendi vitani bila watu wa mawasiliano. Redio iliyoenea katika jeshi la Uingereza wakati huo, Wireless Set No. 19, ilikuja na kiboksi chake cha pembeni, variometa, ambacho kazi yake ni hii hii ya tyuna: zungusha mpaka mshale wa mita upande juu kabisa. Baada ya vita mitambo hiyo iliuzwa kama mabaki ya jeshi na kuishia mezani kwa watu wa ridhaa dunia nzima. Huku kwetu kulikuwa na kambi za jeshi Lanet na Gilgil. Kulikuwa na polisi, na kulikuwa na misheni. Mwaka 1957 ilianzishwa AMREF ya madaktari wa ndege, na baadaye mtandao wa redio ukaunganisha hospitali za mbali na Nairobi, kwa sababu ndege haina faida kama hakuna wa kuiita. Mitambo mingi ya aina hiyo ilihitaji mkono wa kuilinganisha na waya wake.

Kuna mzee jirani yetu aliyestaafu kwenye idara moja ya serikali, kitengo cha redio. Nilimpelekea boksi.

"Habari ya jioni, mzee. Naomba uniangalizie kitu."

Aliigusa kabla hajavaa miwani. Vidole vilienda moja kwa moja kwenye nobu, kushoto kidogo, kulia kidogo.

"Hii ni ya kupatanisha," akasema. "Kijana wangu, umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma polepole, akacheka.

"Unadhani ni nani aliandika hii, mzee?"

"Jina lake silijui. Kazi yake naijua. Mkubwa alikuja kuongea, akaongea, akaenda. Sisi ndio tulikuja mapema kutafuta mahali pa yeye kuongelea."

Huo si ushahidi, na sitaki kuuita ushahidi. Huenda karatasi iliandikwa na mwenye leseni mwenyewe, mlowezi aliyejua Kiswahili vizuri. Wako waliokijua. Huenda iliandikwa miaka ya 1980 na fundi. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi iliyo kwenye jedwali ilikuwa ya mtu makini, na mtu huyo hayumo kwenye kumbukumbu yoyote niliyoiona.

Kutumia boksi nako kulinifunza adabu. Mara ya kwanza niliharakisha. Niliweka wati 100 moja kwa moja, na kati ya sahani za kapasita ikaruka cheche ya bluu, pa! Chumba kikanuka kama baada ya radi. Vumbi la Nakuru, lile laini kama unga, lilikuwa limejaa kati ya sahani. Mzee aliposikia alitikisa kichwa.

"Umeanza na mdomo. Anza na masikio."

Basi sasa nafanya hivi. Nasafisha sahani kwa brashi laini. Nafungua redio bila kurusha chochote, nazungusha nobu ya kwanza mpaka kelele za hewani zivimbe, halafu ya pili, halafu narudi ya kwanza. Masikio yakiridhika, ndipo narusha wati 5 tu huku nikitazama mita ya nguvu inayorudi, mpaka mshale ulale. Nguvu zaidi ni baadaye. Na wingu likianza kunguruma upande wa Menengai, nachomoa waya wa antena kabisa. Radi haijui leseni.

Namba za kwenye karatasi hazinifai, maana waya wangu si wao. Lakini Aprili mvua ndefu ilipoanza, nobu ya pili ilikataa kukaa pale ilipokaa tangu Januari. Nikaisogeza. Nikaenda kuangalia kifuniko: ilikuwa imesogea upande uleule ambao penseli ilisema.

Nisikudanganye, tyuna haiponyi waya. Mita 11 zinabaki mita 11, na sehemu ya nguvu inapotea kama joto ndani ya koili. Bado, jioni moja karibu saa moja kasoro, jua likiwa limetoka tu kuzama, mtu wa Afrika Kusini alinijibu. Alinisikia kwa shida, lakini alinisikia.

Kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, kina picha zake na tarehe zake. Kinastahili. Jedwali la penseli halina mtu wa kulitetea, na mizani iko karibu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, na miezi michache baadaye ikaifungua tena. Nguzo zilipata mlinzi. Maboksi ya aina hii yanaendelea kufunguliwa kwa nyundo.

Kwa hivyo nakuomba kitu kidogo. Ukienda ocha Desemba na ukute kwenye stoo chombo cha babu kisichojulikana ni cha nini, usimwite mwenye mizani kabla hujatafuta bisibisi. Fungua. Tazama upande wa ndani wa kifuniko, piga picha, halafu umuulize babu au nyanya ni nani alikuwa akikizungusha.