Kuitetea FreeBSD mbele ya Linux

Watetezi wa FreeBSD wana tabia moja inayowaponza: huanza na kasi. Watakutajia Netflix, ambayo seva zake za kusambaza filamu huendeshwa na FreeBSD, au WhatsApp, ambayo mwaka 2012 ilieleza kwamba seva yake moja ilihimili miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Ni kweli, lakini wahandisi mahiri wenye fedha wangeifikisha hata Linux karibu na hapo. Hoja yangu ni nyingine. FreeBSD ni mfumo endeshi mzima, ilhali Linux ni kiini (kernel) tu, na tofauti hiyo huonekana zaidi pale ambapo watunzaji wa mfumo ni wachache.

Umaarufu wa Linux hauthibitishi ubora wake. FreeBSD inatokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako mwaka 1983 lilitoka toleo la 4.2BSD likiwa na itifaki za TCP/IP. Mwaka 1992, kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix iliishtaki BSDi, iliyokuwa ikiuza mfumo uliotokana na msimbo wa Berkeley, na shauri halikumalizika kwa suluhu hadi 1994. Nani angejenga biashara juu ya msimbo ulioko mahakamani? Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, haikuwa na mzigo huo. Torvalds mwenyewe aliwahi kukiri kwamba kama 386BSD, BSD ya kompyuta binafsi, ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingezaliwa. Kesi haikuwa sababu pekee, bila shaka. Leseni ya GPL, inayotumiwa na Linux, humtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, na hilo liliyapa makampuni yanayoshindana sababu ya kuchangia bila hofu ya kuporwa. Leseni ya BSD haidai hivyo. Sony iliujenga mfumo wa PlayStation 4 juu ya FreeBSD bila kulazimika kurudisha chochote. Anayeliona hilo kuwa kasoro simlaumu.

Turudi kwenye uzima wa mfumo. Katika FreeBSD, kiini, amri za msingi na kurasa za mwongozo hukaa katika hazina moja na hutolewa pamoja na mradi mmoja. Programu nyingine huwekwa kando, chini ya /usr/local. Kwa hiyo hata fundi aliye peke yake anajua kipi ni cha mfumo na kipi amekiongeza mwenyewe. Kwenye Linux, kila usambazaji hukusanya vipande vya miradi mbalimbali na kuviunganisha kwa namna yake, na ugomvi kuhusu systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, uliigawa jumuiya ya Debian hadi baadhi wakajitenga na kuanzisha Devuan.

Mfano ulio bora ni ZFS, mfumo wa faili uliomo ndani ya FreeBSD tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008. Hauandiki juu ya data iliyo hai: huandika pembeni kwanza, kisha ndipo hubadili kielekezi. Umeme ukikatika ghafla, muundo wa faili hauvurugiki, ingawa kilichokuwa bado kwenye kumbukumbu kinaweza kupotea. Kabla ya kusasisha, msimamizi huhifadhi hali ya mfumo mzima, na mambo yakiharibika huwasha seva kwa hali ile ya awali. Linux nayo inaweza kutumia ZFS, lakini mgongano wa leseni umeuacha nje ya kiini chake, na kiini kikisasishwa moduli ya ZFS huweza kukwama.

Kwenye kompyuta mpakato sitamshauri mtu kuhangaika. Viendeshi vya Wi-Fi vya FreeBSD vimechelewa kwa miaka, na soko la ajira linaitaka Linux. Hata Kiswahili kiliingia mapema kwenye programu huria zinazotumika katika Linux: mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Vyuoni nako, maabara za wanafunzi zibaki na Linux. Somo la mifumo endeshi lenyewe ndilo ningelihamishia FreeBSD, kwa sababu msimbo wake unasomeka kama kazi moja na una kitabu kamili cha McKusick, Neville-Neil na Watson. Si jambo geni barani: warsha za AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao Afrika, zilitumia FreeBSD kwa miaka mingi kuwafunza wahandisi wa mitandao wa Afrika namna ya kuendesha seva za barua pepe na za DNS.