Ngoma inafundishiwa wapi, na ni nani anaifundisha? Kutoka Gishora mpaka huku kwetu

Tarehe 30 Juni ikikaribia, ao siku ya ndoa kubwa, ao wakati wa kupokea mgeni wa serikali, ngoma zinasikika Wamaza, Kabambare mpaka Kasongo. Watu wanajaa barabarani, watoto wanakimbia mbele. Kisha sikukuu inaisha, ngoma zinarudishwa ndani ya nyumba, na hakuna anayeuliza: hawa wapigaji walijifunzia wapi? Mwalimu wao ni nani? Na siku ile mwalimu hatakuwepo, ni nani atashika kazi yake?

Kundi la ngoma halianzi na ngoma. Linaanza na uwanja wa mazoezi na mtu wa kufundisha. Tumeangalia namna majirani zetu, na watu wa mbali pia, walivyopanga mambo haya mawili.

Gishora: nyumba ya ngoma

Mfano unaojulikana sana uko karibu, ngambo ya ziwa Tanganyika. Ni ngoma za Burundi. Wapigaji wake wanaitwa abatimbo. Karibu kilomita 7 kutoka mji wa Gitega kuna kilima cha Gishora. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala mpaka mwaka 1908, alijenga pale kisha kumshinda chifu Ntibirangwa aliyemwasi. Mpaka leo wageni wanaonyeshwa ngoma mbili za heshima zilizotunzwa pale, Ruciteme na Murimirwa.

Gishora haikuwa peke yake. Kulikuwa vilima vingine vya namna hiyo, kila kimoja na jamaa yake iliyopewa kazi ya kulinda ngoma. Jamaa hiyo ndiyo ilikata mti, ikachonga, ikavuta ngozi ya ng'ombe juu yake, ikapiga, tena ikafundisha. Mti wenyewe Warundi wanauita umuvugangoma, maana yake mti unaosemesha ngoma. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Kwa hiyo kulinda ngoma kulikuwa kulinda utawala. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama, ngoma za vilima zilipelekwa mbele ya mwami.

Mtoto wa jamaa ile hakuandikishwa kambini. Alizaliwa ndani yake. Alianza kwa kuangalia, kisha akapewa fimbo za kupigia, zile wanazoziita imirisho, kisha akaingia kwenye mstari. Mstari wenyewe unamfundisha. Ngoma moja inasimama katikati, inaitwa inkiranya, nayo ndiyo inaongoza. Zingine, amashakwe, zinashika mdundo mmoja bila kuacha. Zingine tena, ibishikizo, zinafuata ile ya katikati. Zinapangwa nusu duara, na hesabu yake siku zote ni witiri, hailingani. Mwanafunzi anaanzia pembeni, na akizoea ndipo anaruka katikati kucheza mbele ya inkiranya.

Ufalme ulipoanguka

Mwezi wa Novemba 1966 ufalme wa Burundi uliondolewa, jamhuri ikatangazwa. Ngoma zikapoteza bwana wake. Vilima vingine vilinyamaza, lakini jamaa zingine ziliendelea kufundisha. Tangu hapo wapigaji wakaanza kusafiri: Ulaya, Amerika, jukwaa kwa jukwaa. Mwaka 2014 UNESCO iliandika dansi ya ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mikono. Maelezo yake yanasema wazi kwamba wapigaji wanatafutwa kwanza kwenye vile vilima vya ngoma, na wengi ni wajukuu wa walinzi wa zamani.

Faida yake ni hii: mwalimu hatafutwi mbali, na hakuna anayeuliza mshahara kwanza. Hatari yake nayo ni kwamba mlango unaweza kufungwa. Mwezi wa Oktoba 2017 rais wa Burundi alitia sahihi amri inayokataza wanawake kupiga ngoma zile. Amri ile iliomba pia kila kikundi kijiandikishe kwenye wizara ya utamaduni, na wanaotaka kupiga nje ya sherehe za serikali watafute ruhusa na kulipa franga 500,000 za Burundi. Serikali ilisema inalinda heshima ya ngoma. Lakini kikundi cha vijana wa kilimani kitapata wapi franga zile kila mara?

Tena tusisahau, tangu mwaka 2015 Warundi wengi walikimbia nchi yao. Wengine walipokelewa Lusenda, teritware ya Fizi, jirani na Kabambare yetu. Mtu akikimbia anaacha shamba na nyumba. Mdundo anakuja nao.

Butare: mlango wa wanawake

Rwanda nayo, tangu zamani, ngoma ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa hata kuigusa. Mwaka 2004, mjini Butare, mwandishi na mcheza tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake peke yao. Kinaitwa Ingoma Nshya, ni kusema ngoma mpya. Yeye alikuwa kiongozi kwenye kituo cha sanaa cha chuo kikuu, na pale ndipo wanawake walipata uwanja.

Hapa hawakuangalia jamaa ya mtu. Ilikuwa miaka 10 tu kisha mauaji ya kimbari ya 1994. Wajane walikuja, yatima walikuja, na wanawake wenye waume waliofungwa juu ya mauaji yale walikuja vilevile. Wote wakasimama kwenye mstari mmoja. Mtu akipiga ngoma katika kundi ni lazima asikilize yule wa pembeni, ao mdundo wote unaharibika. Kwa hiyo mazoezi yenyewe yalikuwa somo la kuishi pamoja.

Bagamoyo: ngoma yenye cheti

Tukifuata ile njia ya zamani ya misafara, Kasongo, Ujiji, Tabora mpaka pwani, tunafika Bagamoyo, Tanzania. Pale kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo kinaitwa TaSUBa. Kijana kutoka kabila lolote anaingia, anasoma ngoma, dansi, muziki na tamthilia, na mwisho anapata cheti. Kila mwaka chuo kinafanya tamasha kubwa, na watu wa vikundi wanakutana pale na wanafunzi.

Faida ya njia hii ni kwamba kikundi chenye kutafuta mwalimu kinajua pa kumpata. Lakini kusoma chuoni kunaomba karo na chakula, na kijana wa mbali anaomba pia nauli.

Marekani: kambi ndani ya masomo

Tuvuke bahari sasa. Marekani kuna makundi makubwa ya vijana ya ngoma na tarumbeta, wanaoyaita drum corps. Mashindano yao ya kwanza ya taifa chini ya shirika la DCI yalifanyika mwaka 1972 mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin. Kundi kubwa linapita watu 100, na wengi hawajafika miaka 22.

Makundi haya mengi hayana kambi yake. Yanaazima masomo na vyuo. Wakati wa baridi vijana wanakutana mwisho wa juma, mara moja kwa mwezi. Likizo kubwa ikikaribia, wanahamia mahali pamoja kwa majuma kadhaa: mchana uwanjani, usiku wanalala chini ndani ya jumba la michezo. Kisha wanapanda basi, wanazunguka mji kwa mji kushindana.

Na walimu? Wengi ni wapigaji wa zamani wa makundi yaleyale, na walimu wa muziki wa masomo ambao wakati wa likizo hawana kazi. Wanachukuliwa kwa msimu. Lakini gharama inabebwa na kijana mwenyewe: analipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Yule asiyeweza analazimika kutafuta wasaidizi.

Kinshasa: wakati mwalimu hayuko

Wengine watasema: sisi hatuna chuo wala dola. Waangalie Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkesta ya simfoni. Alikuwa rubani wa ndege aliyekosa kazi. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana violini moja. Aliyejua kidogo alifundisha asiyejua kabisa. Leo orkesta ile inajulikana duniani. Si ngoma, lakini somo ni lilelile.

Na huku kwetu?

Huku Wamaza tuna vyote viwili kidogo kidogo. Kuna wazee wanaojua midundo ya kabila, na kuna fanfari za makanisa. Shida yetu ni kwamba havikutani. Mzee anafundisha mjukuu wake tu, kama mjukuu yupo. Vijana wengi wanaenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, na wakati wa vita watu wanatawanyika. Mzee akifa, mdundo unazikwa naye.

Mifano hii tano inatupa maulizo manne ambayo kila kikundi kinapashwa kujibu:

1. Uwanja ni upi? Kiwanja cha masomo wakati wa likizo hakina kazi. Mkurugenzi wa masomo akiombwa mapema na kwa heshima, anaweza kukubali.

2. Mwalimu ni nani, na anakula nini? Mzee anayeacha shamba siku nzima ni lazima apate kitu. Si lazima franga: vijana wanaweza kumlimia. Lakini wapatane mbele ya kuanza.

3. Ni nani anaruhusiwa? Kikundi kikichagua jamaa moja tu, siku jamaa ile inahama, kinaisha. Wasichana nao wahesabiwe.

4. Ni nani atafundisha kesho? Kila mwaka kikundi kichague vijana wawili wa kukaa karibu na mzee, kushika midundo yote na majina yake. Simu yenye kurekodi sauti inasaidia, lakini simu haisahihishi mkono wa mtoto.

Warundi walipoteza mwami na ngoma haikufa, juu kulikuwa kilima na jamaa iliyofundisha. Wanawake wa Butare hawakuwa na jamaa ya ngoma, lakini walipewa uwanja. Sisi wazee bado tunao. Likizo kubwa inaanza mwezi wa saba, na viwanja vya masomo vitabaki wazi.