Uonevu wa Mtandaoni na Afya ya Akili ya Vijana: Nakivale na Mbarara

Uonevu wa mtandaoni ni kumdhalilisha, kumtisha au kumtenga mtu kwa makusudi kupitia simu au kompyuta. Huja kwa sura nyingi: matusi kwenye grupu la WhatsApp, sauti zilizorekodiwa na kurushwa huku na huku, picha za faragha zilizovujishwa, akaunti za bandia, vitisho vya usiku. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, aliutambua kwa alama tatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa kwa kitendo, na mwonevu kuwa na nguvu kumzidi anayeonewa. Mtandaoni alama ya pili hubadilika. Mwonevu huituma picha mara moja tu. Wanaoirudia ni wengine, na kila anayeisambaza humwonea mwenye picha upya, hata kama hamfahamu.

Ukubwa wa tatizo duniani umepimwa kwa chombo chenye asili ya Uganda. U-Report, mfumo wa UNICEF wa kuwauliza vijana maswali kwa ujumbe wa simu, ulianzishwa Uganda mwaka 2011. Mwaka 2019 zaidi ya vijana 170,000 wa nchi 30 walijibu kupitia mfumo huo: mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu ya uonevu huo na ukatili. Ushauri ambao vijana hao hupewa na wazazi na walimu karibu kila mahali ni mmoja: zima simu, achana nao. Katika makazi ya wakimbizi ushauri huo haufai, na sababu zake ndizo kiini cha makala hii.

Simu katika maisha ya Nakivale

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wa kwanza kupokelewa walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda, na makazi yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Yako katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, pembeni mwa ziwa lenye jina hilohilo, na yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi, ambao sasa wamepita 150,000, wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani na kwenye magrupu ya simu.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Kampala na katika makazi ya Nakivale na Kyangwali, uligundua kwamba asilimia 71 ya wakimbizi wa makazi ya vijijini walitumia simu katika shughuli zao kuu za kujipatia kipato. Na kipato ni sehemu tu ya habari. Pesa ya shangazi aliye Kanada huingia kwa simu. Taarifa kwamba mjomba ametoroka Masisi, huko Kongo, na amefika salama huingia kwa simu. Wito wa usaili kuhusu kuhamishiwa nchi ya tatu, ambao familia inaweza kuungoja kwa miaka kumi, huingia kwa simu hiyohiyo. Msichana anayeizima ili asisome matusi anaikatia nyumba nzima mawasiliano. Mara nyingi hata si yake peke yake: anaitumia pamoja na mama na kaka, na hao nao wanayaona yaliyoandikwa.

Kuhama nako si rahisi kwake. Kijana wa Kampala aliyechafuliwa jina anaweza kubadilisha shule au kwenda kukaa kwa bibi kijijini. Mkimbizi amepewa kiwanja kimoja, amesajiliwa mahali pamoja kwa ajili ya mgao, na foleni ya maji ni ileile. Waliocheka kwenye grupu usiku, asubuhi wako mbele yake wakiwa na madumu.

Sura za uonevu na njia zake

Mabadiliko mawili yalivuta vijana wengi zaidi mtandaoni. La kwanza ni kufungwa kwa shule kwa ajili ya UVIKO-19, tangu Machi 2020 hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. La pili ni uamuzi wa Agosti 2019 wa mamlaka ya mawasiliano ya Uganda kuwaruhusu wakimbizi kusajili laini kwa vitambulisho vyao vya ukimbizi. Kabla ya hapo wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya Waganda waliowaonea huruma au waliowauzia, na uchunguzi wa namba iliyotuma vitisho ungeweza kumwangukia mtu asiyejua lolote.

Serikali iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka kadhaa baadaye bado ilihitaji VPN. Mazungumzo yalihamia TikTok na, zaidi, WhatsApp. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji, hivyo hakuna msimamizi wa kampuni anayeusoma mtu asipouripoti; msimamizi wa kila siku ni admini wa grupu, ambaye huenda ndiye binamu wa mwonevu. Matusi mengi pia ni ya sauti, na huja kwa Kiswahili cha Kivu kilichochanganywa na Kinyarwanda, Kifuliiru au Mashi. Mifumo ya kampuni za Marekani inayochuja chuki imejengwa kwa lugha kubwa, na mchanganyiko kama huo huipita.

Sura iliyo kali zaidi ni ya kikabila. Tangu waasi wa M23 walipoanza tena vita mashariki mwa Kongo mwishoni mwa 2021, maelfu wamevuka mpaka wa Bunagana, wakapitia kituo cha Nyakabande wilayani Kisoro na kupelekwa Nakivale. Chuki dhidi ya Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda, Banyamulenge wakiwamo, ilifurika kwenye mitandao kiasi kwamba Alice Wairimu Nderitu, mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari wakati huo, aliitolea onyo. Sauti iliyorekodiwa Uvira au Marekani hufika kwenye simu ya mvulana wa miaka 16 aliyeketi darasa moja na watoto wa upande wa pili, na wao pia wanaandamwa na sauti zinazowatukana wao. Watoto hawa wanalazimishwa kuendeleza vita ambavyo wazazi wao walivikimbia, na wanaowalazimisha ni watu wazima walio mbali na hatari.

Kwa wasichana silaha ya kawaida ni picha. Uhusiano ukivunjika, au msichana akimkataa mtu, picha aliyoituma kwa imani, au iliyotengenezwa tu, inageuzwa kuwa tishio: nipe pesa, rudi kwangu, la sivyo grupu zima litaona. Mjini Mbarara, penye vyuo kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, hali ni hiyohiyo, ila mwanafunzi wa chuo angalau ana chumba chake na simu yake. Mwaka 2014 picha za utupu za mwanamuziki mmoja wa Uganda zilipovujishwa, waziri aliyehusika na maadili alitaka mwanamuziki huyo ndiye akamatwe. Msichana aliyekulia katika nchi iliyoyaona hayo ana kila sababu ya kunyamaza.

Madhara

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 na Ann John wa Chuo Kikuu cha Swansea na wenzake, yakikusanya takwimu za zaidi ya vijana 150,000 wa nchi 30, yalionyesha kwamba wanaoonewa mtandaoni wana uwezekano zaidi ya maradufu wa kujidhuru au kuwa na mwenendo wa kutaka kujiua. Waonevu wenyewe pia wako hatarini kuliko vijana wengine. Takwimu hizi zinaonyesha uhusiano, si chanzo kimoja. Kijana aliyekwisha kulemewa na huzuni huenda pia ndiye anayelengwa kwa urahisi.

Nyumbani dalili hazisemi zinatokana na nini. Mtoto analalamika kichwa au tumbo kila asubuhi ya shule, halali, ameacha kwaya au mpira, anashtuka simu inapoita au anaificha chini ya mto. Kwa aliyeshuhudia mauaji au kubakwa kwa ndugu, tusi la kabila halibaki kuwa maneno. Linamrudisha kwenye usiku ule: moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, anaona tena aliyoyaona. Wazazi wengi hupeleka dalili hizi kwenye kituo cha afya kama malaria. Si uzembe wao, kwani homa na maumivu ndiyo lugha ambayo kituo kimezoea kuisikiliza.

Sheria na msaada

Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, katika kifungu chake cha 24, ilifanya bughudha ya mtandaoni kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, faini, au vyote viwili. Kifungu cha 25, kuhusu mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023 kwa kukosa uwazi. Marekebisho yaliyotiwa saini Oktoba 2022 yaliongeza kosa la kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Hata hivyo wananchi waliifahamu sheria hii zaidi kupitia kesi ya Stella Nyanzi, msomi aliyehukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miezi 18 kwa maandishi yake dhidi ya Rais. Sheria iliyojulikana kwa kuwalinda wenye nguvu haiwezi kuaminiwa upesi na binti wa miaka 15.

Katika makazi, malalamiko huanzia kwa viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa, yaani RWC, kisha kituo cha polisi. Njia hiyo ni ya karibu, lakini kesi ya picha ikisikilizwa hadharani huongeza aibu. Simu ya watoto ya taifa, Sauti 116, hupigwa bila malipo na humwezesha mtoto kuzungumza na mtu asiyemjua jirani yake hata mmoja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili, lakini nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo kwa familia inayoishi kwa mgao uliopunguzwa.

Uwezo ulio karibu zaidi umo ndani ya makazi yenyewe, na umeshathibitishwa. Katika jaribio lililochapishwa na Frank Neuner na wenzake mwaka 2008, lililoshirikisha Wanyarwanda na Wasomali 277 wa Nakivale waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe, wakimbizi wa kawaida walifunzwa ushauri nasaha na kuwahudumia wengi wao. Karibu saba kati ya kila kumi waliohudumiwa hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ikilinganishwa na chini ya wanne kati ya kumi katika kundi lililofuatiliwa tu. Washauri hao hawakuwa madaktari. Walikuwa majirani waliofunzwa kusikiliza kwa utaratibu, katika lugha ya mgonjwa.

Mshauri wa namna hiyo anapompokea kijana aliyeonewa mtandaoni, swali la usalama hutangulia: je, amewaza kujidhuru? Halafu huja ushahidi, kwa sababu aliyetuma anaweza kuufuta ujumbe wake: kupiga skrinishoti yenye namba na tarehe, kuhifadhi sauti, kuandika majina ya magrupu. Baada ya hapo ndipo namba ya mwonevu inafungiwa. Simu inabaki mkononi mwa kijana, na mzazi anaombwa asimnyang'anye, kwa kuwa mtoto anayejua kwamba akisema atanyang'anywa simu hatasema tena.