Namba ya Kesi ni Ngapi?

Ukitoka lango la Ngome ya Yesu mjini Mombasa, hatua chache tu mbele yako, unalikuta jengo la mahakama ya zamani lililojengwa mwaka 1902. Aliyehukumiwa kifungo humo hakuwa na safari ndefu, maana ngome yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Leo yote mawili yako chini ya makumbusho, na wageni huingia, wakapiga picha, wakaenda zao kunywa madafu. Mimi nipitapo pale huwawazia waliosimama kizimbani, wakaulizwa majina yao na ya baba zao, karani akaandika. Karatasi zile ziko wapi, na mjukuu wa mmoja wao akitaka kuzisoma aanzie mlango gani?

Kabla ya Waingereza jibu lisingekuwa mlango, lingekuwa mtu. Pwani ilikuwa na makadhi na maliwali, na hati zilikuwepo tele: za rehani, za wakfu, za kuuziana mashamba, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini mbele ya kadhi hati ilikuwa kumbusho tu. Nguvu yake ilitoka kwa mashahidi waadilifu waliotajwa chini yake, na wasipopatikana, karatasi ilibaki karatasi. Hukumu ya jana ilikaa vichwani mwa watu wa mtaa, na aliyetaka kuijua alikwenda barazani kumsalimia mzee, akavuta subira mpaka kahawa ipite. Siipambi enzi hiyo. Ushahidi wa mtumwa haukupokewa, na katika mambo ya mali mwanamke alihesabiwa nusu ya shahidi. Kumbukumbu ya mtaa nayo ilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake, na miaka miwili baadaye Amri ya Malkia ikaweka mahakama za mtindo mpya. Katika ukanda wa maili kumi, uliobaki kwa jina chini ya Sultani wa Unguja, kadhi, liwali na mudiri waliachwa na mahakama zao, ila rufaa zikaelekezwa juu, kwa Mzungu. Sheria nyingi zililetwa kutoka India. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika huku mpaka 1930. Pamoja nazo zikaja rejista, mihuri na kabati za mafaili, na kila shauri likabandikwa namba yake na mwaka wake.

Wengi wanaosimulia historia hii huruka moja kwa moja hadi kesi ya Kenyatta kule Kapenguria. Mimi naona kilichotutenganisha na karatasi kilitokea pwani mwaka 1908, bila risasi wala kelele, ilipopitishwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Kila aliyedai shamba pwani alitakiwa apeleke madai yake kwa Msajili wa Hatimiliki, naye angesikiliza na kuamua kama mahakama. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Hebu fikiria mkulima wa Kimijikenda aliyelima palipolimwa na babu yake, akiwa na minazi ya kuonyesha na majirani wa kumshuhudia. Kwa kadhi majirani wale wangekuwa ndio rekodi yenyewe. Kwa Msajili, asiyefika na kuandikwa hakuwa na kitu. Waliojua kusoma tangazo, au waliokuwa na wakili, walirudi na hati. Wengine waliamka wakiwa maskwota kwenye mashamba yao, na vitukuu wao wangali maskwota. Tangu hapo shahidi akawa chini ya karatasi, na kuiona karatasi kukawa suala la mlo wa kesho.

Hukumu kubwa za ardhi zilizofuata ni rahisi kuzipata hata leo. Ile ya Ole Njogo ya 1913, Wamaasai walipopinga kuhamishwa Laikipia wakaambiwa kuwa mkataba wao na Serikali ni jambo lisilo la mahakama, imo katika vitabu vya ripoti za sheria. Imo pia ya 1921, ambamo Jaji Mkuu Barth aliwageuza Waafrika kuwa wapangaji wa Mfalme kwa hisani yake tu. Vitabu hivyo vilichapishwa kwa ajili ya mawakili na majaji, na kilichohifadhiwa humo ni neno la jaji. Maneno ya shahidi wa kawaida aliyesimama kuapa yalibaki kwenye jalada, na jalada halikuchapishwa.

Hata jalada lenyewe lilikuwa na kasoro tangu wino ulipokauka. Shahidi alisema kwa Kigiriama, Kikuyu au Kiswahili, mkalimani akageuza, na hakimu akaandika Kiingereza kwa mkono wake, mbio mbio, akifupisha. Kapenguria, katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake iliyoanza Desemba 1952, mkalimani alikuwa Louis Leakey, yule yule mchimbaji wa mafuvu. Wakili wao, Pritt, alimlalamikia hadi akajiondoa. Watu mashuhuri walikuwa na Pritt. Mwizi wa mbuzi kule Kaloleni alikuwa na nani wa kumlalamikia mkalimani? Watanzania walibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zao, na tangu hapo nawaonea wivu wa kiungwana.

Dola hutunza vizuri kile inachokihitaji. Katika miaka ya Hali ya Hatari Waingereza waliwanyonga watu 1,090 katika vita dhidi ya Mau Mau, na kesi zao ziliandikwa kwa uangalifu wa kutisha. Mafaili hayo, yaliyomo katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa benki, ndiyo aliyoyapekua mwanahistoria David Anderson alipoandika kitabu chake cha 2005. Rekodi ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyehukumiwa Nyeri Novemba 1956 na kunyongwa Februari 18, 1957, ilidhaniwa imepotea kabisa. Mwanahistoria Julie MacArthur aliichapisha mwaka 2017, miaka 60 baada ya kitanzi. Na mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiidai fidia Serikali ya Uingereza mahakamani London, ndipo ilipokiri kuwa ilikuwa imeficha, mahali paitwapo Hanslope Park, maelfu ya mafaili yaliyosombwa kutoka makoloni yake. Tuliambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba hayapo.

Uhuru ulipokuja, mahakama za Waafrika za enzi ya ukoloni zilimezwa na za mahakimu mwaka 1967, na majalada yao yakahamia stoo za mahakama za wilaya, yakakaa na mchwa na mvua. Kila Mkenya aliyewahi kudai shamba anaijua sentensi ya karani: "Faili halionekani." Tazama alivyo mwangalifu: hasemi limepotea, maana la kupotea lina wa kulaumiwa. Lisiloonekana laweza kuonekana Jumatatu, ukija na kitu kidogo.

Katiba ya 2010 ilikata shauri. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa Serikali, na cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya nakala ya mwenendo wa kesi yake kwa ada ya wastani. Sheria ya 2016 ya kupata habari ikaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Hukumu za mahakama za juu husomwa bure mtandaoni, kwa kazi ya Baraza la Ripoti za Sheria lililoundwa kwa sheria ya 1994. Kesi za mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kaunti zilipokuja wako waliokwenda kuulizia mafaili kwa gavana, lakini mahakama hazikugatuliwa. Kaunti ni anwani tu. Faili limo katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi: unalipa ada, unaandika jina la mahakama, mwaka na namba, kisha unalisoma hapo hapo mbele ya karani. Mafaili ya kesi za watoto hayafunguliwi kwa kila mtu.

Julai 2020 mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao, na Machi 2024 utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Ukiona herufi E mbele ya namba, kesi hiyo ilizaliwa kwenye kompyuta. Nilikuwa kwenye foleni ya masjala moja ya pwani asubuhi fulani, nyuma ya mzee mmoja wa kanzu. Alikuwa akitafuta kesi ya shamba la marehemu babake, ya miaka ya sabini.

"Namba ya kesi ni ngapi, mzee?" karani aliuliza, vidole tayari kwenye kibodi.

Mzee alitoa mfuko wa nailoni kifuani, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti ya ada ya mahakama, na pale palipokunjwa, wino ulikuwa umekwisha kufutika. Ulibaki mwaka na nusu ya tarakimu, ama 3 ama 8.

"Yule jirani yetu aliyetoa ushahidi yu hai bado," alisema mzee. "Nimlete?"